Mwisho wa Alama za Ufagio

Vumbi lililonyunyiziwa maji asubuhi, kabla jua halijapanda, lina harufu yake. Wengine huwakumbusha mvua. Mimi ikinipata, hata kama nimesimama mbele ya duka la watu nisiowajua, miguu yangu hurudi nyuma yenyewe, kama ya mtoto aliyekaribia kuvuka mahali alipokatazwa. Mama yetu alikuwa na desturi ya kunyunyizia uwanja kwa mkono kutoka kwenye ndoo, taratibu, kama padri anavyowanyunyizia waumini, kisha anainama na ufagio wake wa vijiti na kuufagia uwanja wote kuanzia mlangoni hadi karibu na barabara. Alipomaliza, ardhi ilibaki na alama za nusu duara zilizopangana kama magamba ya samaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga mpaka yeye mwenyewe apite kwanza kwenda kumwaga takataka. Nyumba yetu ilikuwa Cheyo, kwenye njia ya kutokea Kipalapala, na watu wazima walisema njia ile ndiyo waliyoipita wapagazi wa zamani, wenye pembe na chumvi mabegani. Mimi sikuwaona hao wapagazi. Niliwaona mbuzi, baiskeli, waseminari wakienda mjini kwa miguu, na kiangazi kimoja niliona kitu kingine ambacho ndicho kilichonifanya niwe mtu wa kukaa ndani.

Tulikuwa watoto watatu. Kulwa na mimi ni mapacha. Yeye alitangulia, mimi Doto nikafuata, na kuchelewa huko kidogo kumenigharimu maisha yote, maana hata mama hajawahi kuitwa Mama Doto. Ni Mama Kulwa mpaka leo. Nyuma yetu alikuwa Shija, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia bila kuanguka, na kwa hiyo hakufanya kitu kingine kutwa nzima. Baba alikuwa mtu wa mizinga. Kiangazi alikuwa porini na nyuki wake, akirudi na asali na ndevu, kwa hiyo sheria zote za nyumba zilikuwa za mama, naye hakuhitaji msaidizi.

Kiangazi kile habari zilianza kuja za mbwa wenye kichaa. Kwanza zilikuwa habari za mbali, za vijiji ambavyo hatukuwahi kufika, na watoto tukazipenda kama tunavyopenda hadithi za majini. Kisha zikafika Isevya. Mtoto mmoja wa Isevya aliumwa na mbwa, watu wakasema ni kidonda kidogo tu, hata kwao hawakumpeleka kokote. Baadaye wanawake waliokuja kwa mama kusuka walianza kunong'ona kuwa mtoto yule anaogopa maji. Ukimwonyesha kikombe, walisema, anapiga kelele. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango na nikasikia neno hilo moja tu, kikombe, na halikunitoka. Baada ya siku kadhaa wanawake wakaacha kabisa kumtaja mtoto yule, na kimya chao kilinitisha kuliko kunong'ona. Kila jioni nilichota maji mtungini, nikayatazama vizuri kuona kama nayaogopa, ndipo nikanywa. Sikuwa nimeumwa na mbwa yeyote. Kulwa alinikuta siku moja nikijipima hivyo akaenda kuwatangazia wenzetu wote kwamba pacha wake amepata kichaa cha kuku.

Ndipo mama alipotuita uwanjani, ufagio bado mkononi. "Mnaona alama zinapoishia?" aliuliza. Tuliona. "Hapo ndipo na nyie mnapoishia."

"Na mpira ukivuka?" Kulwa akauliza. Hajawahi kusikia sheria bila kuitafutia tundu.

"Mpira utakuwa umehama. Utauaga."

Kulikuwa na sheria nyingine pia: tusimguse mbwa wa mtu, hata yule tuliyemzoea, tusimkimbilie kuku akitoka nje, mlango wa jikoni uwe wazi mchana kutwa ili mtu apate pa kuingilia. Lakini ile ya alama ndiyo iliyotubana, kwa sababu haikuwezekana kuidanganya. Jioni mama alitoka na kuusoma uwanja. Nyayo za Kulwa zilikuwa na vidole vilivyotawanyika, za kwangu zilikuwa na kisigino kizito, za Shija zilikuwa kila mahali. Mama alipita polepole, mikono nyuma, akifika pembeni anainama na kusema, "Hapa kuna mtu alisimama akifikiria kuvuka." Na kweli nilikuwa nimesimama hapo nikifikiria. Si kuvuka. Nilikuwa nafikiria jinsi ambavyo sitavuka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yetu, alikuwepo Mzee Pazi, fundi baiskeli. Alikuwa Mzaramo, aliyekuja Tabora kwa treni akiwa kijana, akaoa, akasahau kurudi. Kwa kuwa sisi ni Wanyamwezi, yeye na mama walikuwa watani, tangu enzi za ile misafara, wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na wenzao wakiwapokea. Nani alimpokea nani vizuri, nani alimwibia nani chumvi, hayo yalikuwa bado hayajaamuliwa, na kila asubuhi wawili hawa waliendelea na kesi hiyo kwa sauti, barabara ikiwa katikati.

"We mpagazi!" Mzee Pazi aliita. "Leo huna mzigo? Mizigo yako midogo mitatu haijambo?"

"Haijambo, mla nazi! Ulifukuzwa kwenu kwa uvivu, sasa unakuja kutusumbua!"

Hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria, anaweza kukutukana mbele ya mkweo, na msiba ukitokea yeye ndiye anayekuja kuchimba, kubeba na kuwachekesha waliofiwa. Kilicho kigumu kwa mtani ni kujua lini anasema kweli. Mzee Pazi aliwahi kutuambia sisi watoto kwamba mama ameuzwa stesheni kwa gunia la karanga, tukalia mpaka tukapata kwikwi. Aliwahi kumwambia mama kwamba baba ameonekana akishuka kwenye treni na mke wa pili, mnene, na mama alivaa kitenge kizuri na kutembea mpaka stesheni kwenda kuwapokea, ufagio mkononi. Aliporudi alitutolea sheria iliyokuwa na umri mkubwa kuliko ile ya alama: "Mzee Pazi akiwaambia jua linawaka, tokeni nje mkaangalie wenyewe."

Basi tulikuwa na sheria mbili, na mchana mmoja zikakutana.

Mama alikuwa jikoni akitwanga karanga, na mlio wa kinu ulikuwa ukienda vizuri, tu, tu, tu. Kulwa na mimi tulikuwa tumekaa kivulini tukimenya mbula, yale matunda ya porini yenye harufu ya kulewesha. Shija alikuwa pembeni kabisa mwa uwanja, mwisho wa alama, akisukuma kipande cha mti alichokiita lori. Joto lilikuwa la kuumiza macho. Mara Mzee Pazi akapiga kelele kutoka kwenye kibanda chake.

"Mama Kulwa! Watoto ndani! Mbwa!"

Kinu hakikusimama. "Mbwa ni wewe mwenyewe, mla nazi!" mama alijibu kutoka ndani, kwa furaha kabisa. "Hebu bweka vizuri tusikie!"

Tulicheka. Kulwa aliweka mikono mdomoni akabweka kwa niaba yake. Shija naye akabweka, akaendelea na lori lake.

"Mama Kulwa! Wallahi! Wallahi, mbwa!"

Kinu kikasimama. Mzee Pazi alikuwa anaweza kudanganya jambo lolote chini ya jua, lakini hakuna siku aliyomtaja Mungu ndani ya utani. Nilimwona mama akitokea mlangoni, mikono imejaa unga wa karanga. Kisha nilimwona mbwa. Nilikuwa nikidhani mbwa mwenye kichaa anakuja mbio huku akinguruma, kama alivyokuwa akiigiza Kulwa. Huyu alikuwa anatembea. Alitembea upande upande pembezoni mwa barabara, kichwa chini, mdomo wazi, ute ukining'inia na kuvuta vumbi, na hakutoa sauti yoyote. Hakutazama kitu. Macho yake yalipita juu yetu kama sisi ni ukuta. Alikuwa anakuja kwenye alama za ufagio, na mwisho wa alama alikuwa Shija.

Miguu yangu iligoma. Watu husema wakiogopa hukimbia. Mimi nilibaki nimekaa na tunda mkononi, na nikahisi mkeka chini yangu unapata joto, na sikuona haya hata kidogo. Mama alianza kukimbia, lakini uwanja ule aliokuwa akijivunia ukubwa wake ulikuwa mrefu. Mzee Pazi ndiye aliyefika. Alivuka barabara akiwa ameshika gurudumu la baiskeli mbele yake kama mtu anayeshika ungo, akajitia katikati ya mbwa na mtoto, na Shija akaangushwa akaanza kulia. Mbwa aliuma spoki, akaziachia, akainamisha kichwa na kuuma mguu wa Mzee Pazi juu ya kifundo, mara moja tu, kimyakimya. Kisha akaendelea na safari yake upande upande, kama hakuna kilichotokea. Wanaume walimfuata na marungu na kumuua upande wa reli.

Mama alimkalisha Mzee Pazi kwenye kigoda na kuuosha ule mguu. Kwa bahati sista mmoja aliyekuwa akipita alisimama na kumwelekeza: sabuni, na maji yatiririke, na usiharakishe. Mama hakuharakisha. Kulwa alichota, mama akamwaga, akapaka sabuni, akamwaga tena, mpaka kipande kizima cha sabuni ya mche kikawa kama kipipi. Mzee Pazi alijaribu. "We mpagazi," alisema, sauti yake nyembamba, "unamaliza sabuni ya watoto kwa mguu wa mtu baki." Mama aliendelea kumwaga maji. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusikia upande mmoja tu wa utani, na ulikuwa mlio mbaya, kama mtu anayegonga nyumba isiyo na watu. Kisha majirani wakamsaidia kupanda baiskeli ya mtu na kumpeleka hospitali, akachomwa sindano, akaambiwa arudi kwa nyingine, na nyingine tena.

Nyumbani tuliingia kwenye kusubiri. Tuliambiwa sindano zinasaidia. Tuliambiwa pia kwamba kichaa kinaweza kukaa mwilini kimya kwanza, kama mgeni anayetazama nyumba kabla hajaomba chumba. Kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. Shija hakuwa na mkwaruzo, lakini mama alimvua nguo kila jioni na kumkagua kidole kwa kidole. Alifagia asubuhi na akafagia tena mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakutugombeza. Kulwa alivuka alama makusudi, ili agombezwe, na mama alimrudisha kwa kumshika bega tu. Hapo Kulwa naye akaogopa, na nilipomwona Kulwa ameogopa nilijua hakuna aliyebaki wa kutuokoa.

Mke wa Mzee Pazi alikuwa amekwenda pwani kwa ndugu wa mumewe, kwa hiyo mama ndiye aliyempikia. Aliyetumwa kupeleka chakula ni mimi, kwa kuwa Kulwa angekula njiani. "Mpe na maji," mama alinong'ona. "Simama pale pale. Angalia akinywa." Mtoto ambaye alikuwa hathubutu kufikiria kuvuka ndiye aliyeruhusiwa kuvuka. Nilitembea na sahani na kikombe, nikasimama hatua kadhaa mbali, nikaweka kikombe chini na kukisogeza kwa kijiti. Mzee Pazi alikitazama kijiti, akanitazama mimi. Alikiinua kikombe na kunywa polepole, macho yake yakiwa juu ya ukingo, na wote wawili tulikuwa tunahesabu mafunda. Nilirudi mbio kumwambia mama, "Amekunywa." Mama alifumba macho.

Jioni moja mama alikwenda mwenyewe, nami nyuma yake nimeshika khanga yake. Mzee Pazi alikuwa ameinama akifunga mnyororo. Mama alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee wangu," alisema.

Mzee Pazi aliinua uso. "Umesemaje?"

"Shikamoo."

Aliiweka spana chini. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Mama Kulwa," alisema, "daktari amekwambia kitu ambacho mimi sijaambiwa?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kukujulia hali."

"Sasa mbona unanizika?"

Mama alifungua mdomo. Nilijua alikuwa anatafuta tusi, hata moja, hata lile la nazi. Hakulipata. Aligeuka akarudi nyumbani, na mimi niliyebaki nyuma nilimwona Mzee Pazi akijaribu kurudisha mnyororo kwenye meno yake, na mikono yake ikashindwa, ikajaribu, ikashindwa tena. Mpaka siku ile nilidhani hofu ni kitu cha watoto, kitu ambacho mtu mzima anakukuta nacho na kukupokonya. Sikujua kwamba na wao wanacho na hawana wa kuwapokonya.

Sindano ziliisha. Siku zikaenda, na mawingu ya kwanza yakaanza kukusanyika. Mchana mmoja nilipeleka chakula kama kawaida, nikaweka jagi la maji chini, nikalisogeza kwa kijiti changu. Mzee Pazi alilitazama jagi. Alilitazama kwa muda mrefu mno. Kisha macho yake yakatoka, akarudi nyuma mpaka ukuta wa kibanda ukalia, akanyoosha vidole kulikataa, na kooni mwake kukatoka sauti ya kukoroma iliyoishia kuwa mbweko.

Sijui nilipita wapi. Najua tu kwamba nilikuwa napiga kelele na kwamba mama alikuja akiwa na mchi mkononi, akafika mwisho wa alama zake mwenyewe, na akasimama. Nilimwona amesimama. Miguu yote miwili ndani ya alama, mchi kifuani, mwanamke aliyekwenda stesheni kupigana na mke wa pili. Kisha akavuka.

Mzee Pazi aliinama, akalichukua jagi kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa lote, bila kupumua, maji yakimtiririka ndevuni na kifuani. Akajifuta mdomo. "Maji ya kinyamwezi," alisema, "yananuka moshi."

Barabara nzima ilisikia alichojibiwa. "Mwizi wa nazi we! Mzee mzima, mvi mpaka puani, unambwekea mtoto wa watu! Tuliwabebea pembe mpaka pwani migongo ikapinda, hatukuwaomba mtuletee na kichaa! Ungekufa nani angekuzika, sisi? Na shimo ningelichimba fupi, miguu ibaki nje!" Mchi ulikuwa hewani, watu wa baiskeli wamesimama, na Mzee Pazi alikuwa amefumba macho akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza taarabu. "Endelea," alisema. "Endelea, mpagazi, leo ndiyo nimepona." Mama aliendelea mpaka sauti ikakatika, kisha akaketi vumbini, pale pale barabarani, akalia kama Shija. Mzee Pazi hakujua afanye nini. Alimpa kile kitambaa chake chenye grisi, mama akajifuta, na akarudi nyumbani na uso mweusi kama wa fundi.

Jioni ile sheria ilibadilishwa. "Mtu yeyote akisema mbwa," mama alisema, "kimbieni kwanza. Hata akiwa mla nazi. Kama ni uongo, mtamcheka mkiwa ndani." Bila shaka Mzee Pazi aliisikia, na kuanzia hapo hakuna siku aliyotuacha tukae. "Mbwa!" na sisi mbio, na mama mbio, karanga zikimwagika, na yeye ng'ambo anajishika mbavu. Mama hakumzuia hata mara moja.

Sasa nakaa Isevya. Nilimaliza kidato cha nne, na ilipangwa niende Dar es Salaam kwa shangazi. Nilifika stesheni na sanduku, nikarudi nyumbani kuangalia kama mlango umefungwa, na nikaona hakuna haja ya kutoka tena. Cherehani yangu iko barazani. Kulwa anaendesha lori la mizigo mpaka mipakani, kweli kweli, na akinipigia simu huniuliza kama nimeshafika getini mwaka huu. Uwanja wangu ni wa saruji. Ni msafi, lakini hausomeki. Watoto wangu wana sheria nyingi kuliko tulizokuwa nazo sisi: saa ya kurudi, saa ya simu, nani wa kupanda naye bodaboda na nani wa kumkataa. Mwanangu ananiandikia "nipo njiani, mama," na sina nyayo za kuangalia. Majirani zangu ni watu wema, tunasalimiana vizuri sana, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwita mtoto wangu mzigo. Hilo ndilo linaloniweka macho. Mama alichora mpaka akijua kuna mtu wa upande wa pili anayetazama.

Mzee Pazi alikufa mzee kabisa, kitandani kwake, kwa uzee wenyewe. Mama alikwenda msibani mapema, na jeneza lilipotaka kutoka aliketi kizingitini na kulizuia. "Haendi!" alisema. "Arudishe kwanza sabuni yangu!" Wanawe walicheka machozi yakiwatoka, wakatafuta kipande cha sabuni mpaka kikapatikana, wakampa, ndipo akasogea.

Mjukuu wake ana bodaboda, na hupita mbele ya baraza yangu karibu kila siku. Ni mwanaume mwenye ndevu sasa, lakini babu yake alimrithisha kazi. "Mama Neema!" anapiga kelele bila kupunguza mwendo. "Mbwa!" Nami, mtu mzima, mwili huu, futi ya kupimia ikiwa shingoni na mdomo umejaa pini, nainuka na kukimbia. Wateja hucheka. Watoto wangu walikuwa wakiona haya, siku hizi wanakimbia nami. Naingia, nasukuma mlango, nahesabu vichwa, nashika komeo. Ndipo nafungua dirisha kidogo na kuanza kumtukana.